Re: Sarafu mbili za dhahabu za Kimarekani, ile ndogo igeuze kwanza

Mkuu uliyeuliza kuhusu sarafu alizokuachia mama mkwe huko Ohio, ya dola 20 ya 1904 na ile ndogo ya dola 2 na nusu ya 1911 yenye kichwa cha Mhindi Mwekundu, halafu shemeji yako kakwambia utajiri upo kwenye kubwa, subiri kwanza. Mi nipo Houston mwaka wa 11 huu, minne nimekaa kaunta kwenye duka linalonunua dhahabu kuukuu, hivi vitu vimenipita sana mkononi.

Anza na dhahabu yenyewe. Hizi ni asilimia 90, sio dhahabu tupu. Ya dola 20 ina gramu 33.4, dhahabu safi humo ndani ni aunsi 0.9675, ile ndogo ni gramu 4.18, dhahabu aunsi 0.1209. Unacheki kwenye simu aunsi leo ni ngapi unazidisha, tuseme ni dola 3,000, kubwa inakuja kama 2,900 na ndogo 363 basi. Ila aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1, ya mizani ya jikoni ni 28.35, kwa hiyo pima kwa gramu usije ukajichanganya.

Sasa hiyo 1904 wala usiringe nayo. Mwaka huo kiwanda cha sarafu cha Philadelphia walifyatua zaidi ya milioni 6, na nyingi zilikuwa zimelala benki za Ulaya ndo maana zikapona Rais Roosevelt alivyoamuru watu wasalimishe dhahabu 1933. Utapata bei ya dhahabu na nyongeza kidogo, labda iwe haijaguswa kabisa.

Ndogo ndo inanitekenya. Geuza upande wa tai, angalia chini kushoto kwenye ncha za mishale aliyoikanyaga, kuna herufi D? Kama hakuna ni ya Philadelphia, ya kawaida tu. Kama ipo imetoka kiwanda cha Denver, na 1911 Denver walitoa 55,680 tu za aina hiyo, hapo tunaongea maelfu ya dola hata kama imetumika. D yenyewe mara nyingi imefifia, azima lensi ya sonara. Na matapeli nao wanajua hiyo hesabu, wanabandika D kwenye ya kawaida, na kuna feki za zamani zimetengenezwa kwa dhahabu halali kabisa, ukipima uzito inakubali, ukiweka sumaku unajisumbua bure. Ukiiona D usibishane na mtu wa duka, ipeleke PCGS au NGC, kampuni za kuthibitisha sarafu hizo, wanaikagua wanaipa alama, juu kabisa ni 70, wanaifungia kwenye plastiki. Wanalipisha, kwa 1904 iliyochakaa ni kutupa hela, kwa D ni lazima.

Halafu naomba USIISAFISHE. Niliwahi kupata ya dola 10 yenye herufi CC, za kiwanda cha zamani cha Carson City hizo, wakusanyaji wanazigombania, ilikuwa na weusi weusi, nikachukua dawa ya meno na mswaki laini nikaisugua ikawaka kama bangili ya bi harusi. Mzee niliyekuwa nimeshaelewana naye bei kwenye simu akaiinamisha chini ya taa mara moja tu, mikwaruzo myembamba imejaa shavuni kwa yule mama wa kwenye sarafu, akakata mamia ya dola palepale na hakuwa na haja ya kunieleza kwanini. Uchafu ule ule ndo ulikuwa unaonyesha haijachezewa, aisee.

Bei za mtandaoni angalia zilizouzwa, sio zinazoombwa, kuna mtu kaweka 1904 kwa dola 20,000 na itakaa hapo mpaka aizeeshe. Na popote utakapoenda uza moja moja, wakikuambia wanachukua zote mbili kwa mkupuo jua kuna moja wanaitaka kuliko wanavyosema.

Piga picha ile ndogo upande wa tai, mchana, dirishani, bila flashi, uiweke hapa.