Maswali ya Wasomaji: "Umesimulia tu"

Insha zangu za fasihi hurudi na maneno yaleyale ya wino mwekundu: "Umesimulia tu." Riwaya nimeisoma mara mbili na kila tukio nimelitaja. Nakosea wapi? (Mwanafunzi wa sekondari)

Unakosea hapohapo kwenye "kila tukio". Anayesahihisha ameshaisoma riwaya, hahitaji kupashwa habari zake. Anataka kujua unadai nini na unathibitishaje. Jipime hivi: soma sentensi ya kwanza ya kila aya uliyoandika. Zikianza na "Kisha", "Baadaye" au "Siku iliyofuata", unasimulia. Zikibeba dai ambalo mwenzako darasani angeweza kulipinga, unajadili.

Dai lenyewe lina daraja zake. "Mwandishi anazungumzia umaskini" halitoshi, maana riwaya nyingi zinaingia humo. "Mwandishi anauonyesha umaskini zaidi kwa yale ambayo wahusika hawayasemi kuliko kwa malalamiko yao" ni dai: limeshika maudhui (kinachosemwa) na fani (namna kinavyosemwa) kwa pamoja, na tayari linakuelekeza uchimbe wapi, yaani kwenye mazungumzo yaliyokatizwa na maswali yasiyojibiwa.

Kila aya ibebe hoja moja. Taja hoja, eleza kwa sentensi moja tu tukio linatokea wapi, leta dondoo fupi, yaani maneno ya kitabu chenyewe, lichambue, kisha lifunge na swali uliloulizwa. Wengi huishia kwenye dondoo wakidhani linajieleza lenyewe. Halijielezi. Tuseme riwaya ina sentensi hii, tuliyoitunga kwa mfano: "Aliikunja barua mara nne, akaisukuma chini ya godoro, akaanza kuimba." Ukiandika "hii inaonyesha alikuwa na huzuni", umeruka kazi yote. Angalia "mara nne": barua inafanywa ndogo kadiri inavyowezekana. Angalia "akaisukuma", si "akaiweka"; mkono unatumia nguvu. Halafu vitenzi vinafuatana kwa -ka- bila hata neno moja la hisia katikati, na wimbo unakuja mahali tulipotarajia kilio. Msimulizi anamficha mhusika kama vile mhusika anavyoificha barua. Hapo una mistari mitano au sita ya uchambuzi kutokana na dondoo la mstari mmoja, na huo ndio uwiano unaofaa.

Kwenye mtihani nina dakika 45 kwa insha moja, na simalizi. (Kidato cha tatu)

Mara nyingi asiyemaliza ni yule aliyeanza kuandika dakika ya kwanza. Tumia dakika 7 au 8 kupanga. Pigia mstari neno la amri na mipaka ya swali. "Thibitisha" inakutaka uunge mkono kauli uliyopewa. "Jadili" inakuruhusu kuipima. "Kwa kiasi gani" inadai useme pia kauli inakwama wapi, na ukiacha upande huo umejibu nusu. Swali likitaja "mhusika mmoja", wa pili hana alama hata umchambue vizuri namna gani.

Kisha andika hoja zako kwa maneno machache, kila moja na ushahidi wake pembeni. Hoja isiyopata ushahidi ifute sasa, usingoje kuigundua katikati ya aya. Idadi itegemee alama: mtindo wa usahihishaji ukitoa alama kwa kila hoja, hesabu. Mtindo usipotoa alama hivyo, hoja tatu au nne zilizochimbwa hushinda saba zilizotajwa. Zipange kwa uzito, si kwa mfuatano wa sura za kitabu, kwa sababu mfuatano huo ndio unaokuvuta urudi kusimulia.

Utangulizi ni sentensi tatu au nne: kazi gani, ya nani, na msimamo wako. Maana ya fasihi na wasifu wa mwandishi havijaulizwa. Dakika 4 za mwisho ni za kusoma upya, hasa majina ya wahusika.

Kwenye shairi naona takriri (maneno yanayorudiwa), tashbihi (mfananisho wa "kama") na tashihisi (kitu kupewa sifa za mtu). Nikishazitaja, sina la kuongeza.

Kutaja jina la mbinu ni mwanzo tu. Ifute mbinu hiyo kichwani, usome ubeti bila hiyo, ujiulize kimepungua nini. Kilichopungua ndicho cha kuandika. Chukua kibwagizo, mstari unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti: mstari ni uleule, lakini kila ubeti unautangulia na jambo jipya, kwa hiyo swali la ubeti wa kwanza huweza kusikika kama shutuma katika ubeti wa mwisho. Umbo nalo lisemwe likiwa na kazi. Kuhesabu mishororo (mistari) minne na mizani (silabi) 8 kwa 8 hakumshangazi mtu. Mshororo uliopungukiwa mizani pale nafsineni, yaani anayezungumza ndani ya shairi, anapokatishwa kauli, huo una la kusema. Na andika "nafsineni", si "mshairi": anayelia ndani ya shairi si lazima awe aliyelitunga.

Je, mwanangu anunue vitabu vya mwongozo? (Mzazi)

Baada ya kusoma kazi yenyewe, sawa, ili akague alichokipita. Kabla ya hapo vinamharibu: ataandika hoja tatu zilezile, kwa maneno yaleyale, kama nusu ya darasa.

Nikisahau maneno kamili ya dondoo?

Eleza tukio kwa maneno yako, bila alama za mtajo. Ukitunga maneno na kuyafunga kwa alama hizo, msahihishaji anayekijua kitabu ataanza kuyatilia shaka hata yale uliyonukuu sawasawa. Ukikariri, kariri vipande vya maneno matano hadi manane, na uchague vile vinavyoweza kujibu zaidi ya swali moja.