Hank Aaron alitoa wapi nguvu?

Swali: Yaya mhariri, niko Himbi, Goma. Mtoto wangu anaangalia bezboli kwa simu, ananiuliza Hank Aaron, ule mchezaji wa zamani wa Amerika, alikua na nguvu gani mpaka mipira inaruka uzio vile?

Jibu: Ndugu yangu, nguvu ilikua kwa vifundo vya mikono, anangojea mpira ukaribie kabisa njo anazungusha rungu fyuu! Homrani (kupiga mpira mpaka unaruka uzio) 755 kwa misimu 23, na hakuna hata msimu moja alipita 47, kila mwaka anarudia tu. Tarehe 8/4/1974 kule Atlanta akapiga ya 715, akampita Babe Ruth, mwenye alikua na rekodi ya homrani, na mbele ya ile siku alikua anapata barua za kumtisha kifo juu ni Mweusi, inaniuma sana. Ukitoa zote 755, bado anabakia na hiti (kupiga mpira na kufika kituo salama) 3,016!