Damu inapoganda mwilini: majibu kwa wasomaji wetu

Msomaji, Jinja: Shangazi yangu hutumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu kingamwili zake hugandisha damu. Aliiacha ili ang'olewe jino, na kabla ya wiki kwisha mapafu, figo na ubongo vilikuwa vimeathirika. Tulidhani ni malaria kali. Ni nini hasa?

Poleni sana. Waliompima ndio wanaoweza kuthibitisha, lakini maelezo yako yanafanana na hali ya hatari kuliko zote katika ugonjwa wa antifosfolipidi (APS), yaani ule wa kingamwili zinazogandisha damu. Katika hali hiyo damu huganda katika mishipa midogo ya viungo vitatu au zaidi kwa muda usiozidi wiki moja. Huwapata wagonjwa wasiofikia 1 kati ya 100, ila takriban theluthi yao hufariki hata wanapotibiwa. Mara nyingi huchochewa na maambukizi, upasuaji, ujauzito au kuacha dawa ghafla. Homa na kuchanganyikiwa hufanana kweli na malaria kali, nayo malaria lazima ipimwe. Hata hivyo, ninawasihi ndugu wa mgonjwa wautaje ugonjwa wake wa awali mara tu wanapofika mapokezi, bila kungoja majibu ya maabara. Matibabu ni heparini (dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda) na steroidi (dawa za kutuliza kinga ya mwili), pamoja na kubadilishiwa plazima, yaani majimaji ya damu yanayobeba kingamwili hizo, na hayo yanahitaji hospitali kubwa ya rufaa.

Msomaji, Kampala: Chembe sahani zangu, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda, ni chache. Je, damu inaweza kuganda?

Ndiyo. Katika ugonjwa huu uchache wake haukukingi, kwa hiyo usiache dawa bila agizo la daktari.

Msomaji, Mbarara: Mimba zangu tatu zimeharibika, na kipimo kimoja kimeonyesha kingamwili hizi. Nifanye nini?

Pole, dada. Kipimo hurudiwa baada ya wiki 12, kwa kuwa maambukizi huweza kuziibua kwa muda tu. Zikithibitishwa, aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini wakati wa ujauzito huwasaidia wengi kujifungua salama. Wafarini huweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo mwone daktari kabla ya kushika mimba.

Msomaji, Arua: Kliniki ya kupima wafarini iko mbali. Je, nihamie rivaroxaban, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda?

Sikushauri ujiamulie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulisitishwa mapema kwa sababu wagonjwa wenye aina zote tatu za kingamwili waliotumia rivaroxaban walipata kiharusi na mshtuko wa moyo zaidi ya waliotumia wafarini. Mwulize daktari wako una aina ngapi. Ukiandikiwa septrini au dawa za kifua kikuu, mwambie anayekuandikia kwamba unatumia wafarini: septrini huiongezea nguvu, ilhali rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huipunguza nguvu sana.