Barua ya mwaliko haitoshi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi sanifu wa mitambo katika kiwanda cha saruji hapa Tanga, nina stashahada na miaka mitatu kazini. Nimealikwa kujifunza kazi kiwandani Marekani, na wakala mmoja anadai barua hiyo inatosha kupata viza. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, na nakusihi usimpe hata shilingi. Viza ya kawaida ya mafunzo kazini ni J-1, nayo huombwa baada ya kupata fomu DS-2019, yaani hati ya kuthibitisha kuwa unastahili kushiriki mafunzo hayo, ambayo hutolewa na mdhamini, yaani taasisi ya kusimamia mafunzo iliyoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, wala si na kiwanda kilichokualika, kisipokuwa chenyewe kimeidhinishwa. Mwenye shahada au cheti cha taaluma hutakiwa awe na uzoefu wa mwaka 1 katika fani hiyo nje ya Marekani. Asiye navyo, miaka 5.

Isome kwa makini fomu DS-7002, yaani mpango wa mafunzo, kabla ya kutia saini. Ikiwa imeandikwa tu “atasaidia matengenezo”, bila kueleza utafundishwa nini, na nani, na utapimwaje, irudishe, kwani mwanagenzi haruhusiwi kuziba nafasi ya mwajiriwa. Muda hauzidi miezi 18. Utahitaji pia bima ya afya, na kwenye usaili ubalozini Dar es Salaam uthibitishe kuwa utarejea nyumbani. Barua ya mwajiri wako inayokuahidi nafasi yako itakusaidia sana.