Nyoka Ametoroka Mara Mbili: Tangi Hili la Kioo Nilifunge Vipi?

SWALI: Ndugu Mshauri, salamu kutoka Minneapolis, Marekani, ninakoishi na wanangu wawili. Kijana wangu wa miaka 13 anafuga nyoka ambaye watu wa huku humwita nyoka wa mahindi. Hana sumu, na kwa sasa ana urefu wa kama sentimita 45 na unene wa kidole changu cha mwisho. Tulimweka katika tangi la kioo tulilokuwa tukifugia samaki, lenye urefu wa sentimita 76, upana wa 30 na kimo cha 30, na juu yake tukarudisha kifuniko kilekile cha samaki. Katika miezi mitatu ametoroka mara mbili. Mara ya kwanza tulimkuta siku hiyohiyo ndani ya kiatu; mara ya pili alipotea siku nne, hadi nilipomwona usiku nyuma ya jokofu. Safari hiyo nilikuwa nimeweka kamusi mbili nzito juu ya kifuniko, na asubuhi kamusi zilikuwa palepale. Sasa nimezungushia ukingo wote utepe wa gundi, kwa ndani na kwa nje, ila mwanangu anasema utepe huo si salama. Mimi nimekulia Tanga, ambako nyoka akiingia nyumbani huitiwa majirani. Sitaki kumnyang'anya mtoto mnyama wake, lakini nataka na mimi nipate usingizi. Je, tangi hili laweza kufungwa kabisa, au ninunue jingine?
— Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, mwanao amesema kweli, na ninakuomba uubandue utepe wa ndani leo hii, kabla ya kufanya jingine lolote. Joto na unyevu wa tangi hulegeza gundi, utepe ukaanza kuning'inia, na nyoka anayepitisha pua yake ukingoni usiku kucha hunasa. Akijipinda ili ajinasue, magamba hubanduka pamoja na ngozi iliyo chini yake. Ikitokea mkamkuta amenasa, msimvute hata kidogo. Mpakeni mafuta ya kupikia kidogo kidogo kwa pamba mpaka gundi iachie yenyewe, na kama ngozi imechubuka, apelekwe kwa daktari wa mifugo anayetibu wanyama watambaao.

Habari ya kamusi kukutwa palepale ndiyo iliyonifumbua macho katika barua yako, kwa sababu inaonyesha kwamba nyoka hakuinua kifuniko, bali alipita mahali palipokuwa wazi tangu mwanzo. Vifuniko vya matangi ya samaki huachwa nafasi upande wa nyuma, ili mabomba ya kichujio na nyaya za taa zipite, na nafasi hizo samaki hawana haja nazo, lakini kwa nyoka ni mlango. Mbavu za nyoka hazikuunganishwa kifuani kwa mfupa kama zetu, kwa hiyo mwili wake hujibapa; kinachoamua kama atapita au hatapita ni fuvu la kichwa. Kwa nyoka wa ukubwa wa huyo wenu, tundu linaloingiza penseli lihesabiwe kuwa njia, na mimi nisingeridhika na nafasi yoyote inayozidi milimita 3. Uzito juu ya kifuniko hausaidii kitu hapo, na unaweza hata kupasua kioo.

Kabla ya kununua chochote, yatafuteni matundu yenyewe. Mhamishieni nyoka katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kujifunga na vitundu vidogo vya hewa, kisha usiku wekeni tochi iliyowashwa ndani ya tangi, fungeni kifuniko kama kawaida na mzime taa za chumba. Kila mahali mwanga unapochomoza ukingoni pawekeeni alama kwa chaki. Zungukeni tangi lote, na pembe nne mzichunguze mara mbili, maana hapo ndipo ule ukingo wa plastiki wa matangi ya zamani hupinda au kupasuka.

Sasa kuhusu kifuniko. Hicho cha samaki kiwekeni kando, kwa kuwa kukiziba ziba ni kazi isiyoisha. Tafuteni au tengenezeni kifuniko chenye fremu ngumu ya alumini au mbao, kinachokaa juu ya ukingo bila kucheza na kushuka kidogo kwa nje kama mfuniko wa sufuria, na katikati yake kiwe na wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 3. Wavu laini wa madirishani, ule wa kuzuia mbu, haufai: nyoka huuchana, na huchubua pua kwa kuusukuma, na taa ya joto ikiwekwa juu yake huweza kuuunguza. Kibaneni kifuniko kwa vibanio vya chuma kwenye pembe zote nne, na kimoja zaidi katikati ya kila upande mrefu, kwa sababu upande wa sentimita 76 ukibanwa mwishoni tu huinuka katikati. Wavu uachwe wazi. Kuziba tangi lote kwa plastiki kutamnyima nyoka hewa na kuzidisha unyevu.

Waya wa kipimajoto na wa taa ndio unaosahauliwa zaidi. Msiupitishe chini ya kifuniko, kwa kuwa utakiinua. Tobolewe fremu tundu linalolingana na waya, kisha nafasi iliyobaki izibwe kwa silikoni ya matangi ya samaki isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Nyoka asirudishwe mpaka silikoni ikauke kabisa na ile harufu yake kama ya siki iishe. Mimi ningesubiri siku mbili au zaidi.

Baada ya hapo, wekeni komeo lenye kufuli dogo, na ufunguo akae nao mtu mmoja. Nyoka wengi waliotoroka hawakuvunja chochote, bali mtu aliwalisha, akaitika simu, akasahau kibanio kimoja.

Chunguzeni pia kwa nini anatafuta njia kwa bidii hivyo. Upande wa joto uwe na nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, upande wa pili uwe wa baridi kidogo, na kila upande uwe na pango dogo la kujificha linalombana mwili. Nyoka asiye na pa kujificha, au aliyeunguzwa na mkeka wa joto usio na themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, hatatulia hata mkimfungia ndani ya chuma. Kwenu kutoroka kwake kuna uzito zaidi, kwa sababu asili ya nyoka huyu ni kusini-mashariki mwa Marekani, na akipenya ukutani hadi nje katika majira ya baridi ya Minneapolis, hatapona. Akipotea tena, nyunyizeni unga mwembamba kwenye vizingiti vya milango ili mjue ameelekea chumba gani, na mtafute usiku, chini na karibu na joto: nyuma ya jokofu, chini ya jiko, ndani ya mashine ya kufulia.

Wasomaji walio nyumbani wasichukue maelezo haya kuwa ruhusa ya kumleta nyoka wa shambani. Sheria za wanyamapori za Kenya na Tanzania zinataka kibali, na nyoka mwenye sumu hafugwi kwa vibanio na kufuli dogo.

Mwisho, uliuliza kama ununue jingine. Kwa sasa hapana. Lakini nyoka huyu hufikia sentimita 120 au zaidi, na anaweza kuishi miaka 15 hadi 20, kwa hiyo kwa miaka michache ijayo anzeni kuweka akiba ya tangi la sentimita 120 kwa 60. Mkichagua lenye vioo viwili vya kuteleza mbele, kagueni nafasi iliyo kati ya vioo hivyo vinapopishana: mara nyingi hupitisha kidole cha mtoto, na huhitaji ukanda wa plastiki ngumu wa kuiziba pamoja na kufuli lake.