Unaporekodi Kwaya au Wazee, Zilinde Namba za Mwanzo

Ninapoitwa kurekodi kwaya Mbeya mjini, Tukuyu au Njombe, jambo la kwanza ninaloulizwa huwa ni kipaza sauti: ni cha aina gani na kimenunuliwa kwa shilingi ngapi. Ni swali la haki, lakini ningependa watu waulize kwanza kuhusu namba. Sauti ikishaingia kwenye kinasa sauti huhifadhiwa kama mfululizo mrefu wa namba zilizoandikwa kwa sifuri na moja, na uamuzi unaoufanya kuhusu namba hizo kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi ndio utakaoamua kile ambacho wajukuu wa waimbaji hao wataweza kukisikia.

Kipaza sauti hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kifaa kinachofuata huupima umeme huo mara nyingi sana katika kila sekunde, na kila kipimo, ambacho mafundi hukiita sampuli, huandikwa kama namba kamili. Njia hii ilibuniwa mwaka 1937 na Mwingereza Alec Reeves alipokuwa akifanya kazi Paris, na lengo lake lilikuwa kuboresha mawasiliano ya simu. Katika CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, vipimo ni 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia, na kila kipimo hupewa biti 16, yaani nafasi 16 ambazo kila moja hubeba sifuri au moja. Nafasi hizo zinatosha kutofautisha ngazi 65,536, kuanzia -32,768 hadi 32,767. Kipimo cha 1,000 huandikwa 0000001111101000, na kipimo cha -1,000 huandikwa 1111110000011000. Ukilifungua faili la WAV, yaani faili linalotunza namba hizo bila kuziminya, kwa programu inayoonyesha baiti (kundi la biti 8) moja moja, utakuta mwanzoni kabisa herufi RIFF, kisha maelezo mafupi ya idadi ya sampuli kwa sekunde na idadi ya biti, na baada ya hapo ni namba tupu hadi mwisho wa wimbo. Ninamshauri kila kijana anayejifunza kazi hii afanye hivyo angalau mara moja, kwa sababu akishaziona namba hizo kwa macho yake hatazichezea.

Idadi ya 44,100 ina sababu yake. Sikio zuri la binadamu husikia mitikisiko inayofikia takriban 20,000 kwa sekunde, na hesabu zinazohusishwa na majina ya wahandisi Harry Nyquist na Claude Shannon zinaonyesha kwamba ni lazima upime zaidi ya mara mbili ya masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) ya juu kabisa unayotaka kuyahifadhi. Ukipima mara 8,000 tu kwa sekunde, kama ilivyozoeleka katika simu, sauti yenye mitikisiko 5,000 isipochujwa mapema itajitokeza katika rekodi kana kwamba ina mitikisiko 3,000, na hakuna namna ya kuitambua sauti hiyo ya bandia ili uiondoe. Kwa kazi zangu ninatumia 48,000, ambayo pia ndiyo inayotumika kwenye video, na sioni sababu ya kumhimiza mtu anayerekodi kwaya apande zaidi ya hapo.

Pale ninapowaomba wasomaji watulie ni kwenye kiwango cha kupokea sauti. Huku kwetu gunia la viazi likijaa, wapo wanaolishonea kofia juu wakafunga lumbesa. Namba haina lumbesa. Sauti ikihitaji 40,000 wakati ngazi ya mwisho ni 32,767, kinachoandikwa ni 32,767, na ziada yote inapotea. Kwaya moja iliniletea rekodi iliyofanyiwa kwenye kanisa la mabati, ambayo kila soprano walipopanda kwenye kiitikio sauti ilikwaruza. Niliikuza kwenye skrini ya kompyuta mpaka sampuli zikaonekana kama nukta, nikakuta mahali ambapo wimbi lilipaswa kuwa na kilele cha mviringo pamekatwa bapa: 32,767, ikifuatiwa na 32,767, na nyingine, na nyingine. Kiongozi wa kwaya aliniomba nipunguze sauti ili mkwaruzo uishe. Nilimweleza kwamba kupunguza kungeshusha namba zote kwa pamoja, na ubapa ungebaki palepale, kwa sababu faili halina habari yoyote ya umbo la kilele kilichokatwa.

Kwa hiyo rekodi kwa biti 24, na uweke kiwango ili vilele vya juu vifike karibu na desibeli 12 chini ya ukomo; desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Wengi huogopa kwamba kwa kufanya hivyo wanapoteza ubora, lakini hesabu inawatetea: kila biti inabeba takriban desibeli 6, hivyo unapoacha desibeli 12 unaacha biti 2, na zinabaki 22, ambazo bado ni nyingi kuliko 16 za CD. Usikisie kiwango wakati wa maombi ya kufungulia. Waombe waimbe ule ubeti wenye nguvu kuliko yote, wapige na ngoma kama watakavyopiga, ndipo upange. Mwanakwaya akishapata joto huimba kwa nguvu kuliko alivyoimba kwenye majaribio, na nafasi uliyoiacha ndiyo itakayompokea.

Gharama ya nafasi si kubwa. Sampuli 48,000 zenye baiti 3 kila moja, kwa pande mbili, ni baiti 288,000 kwa sekunde, na saa nzima ni gigabaiti moja na kidogo. Kadi ya gigabaiti 32 inatosha kwa mkesha na zaidi.

Hatari nyingine huja baada ya kurekodi. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni ndogo takriban mara 11 kuliko namba za CD, na hupata udogo huo kwa kutupa yale ambayo wabunifu wake walikadiria kwamba sikio halitayasikia. Mahubiri yanavumilia, lakini makofi, kayamba, njuga na mdonoo wa nyuzi za ligombo la Wahehe huumia mapema, kwa kuwa ni sauti zinazoanza ghafla. Ukiigeuza MP3 kuwa WAV unapata faili kubwa lenye upungufu uleule. Ninasisitiza hili hasa kwa vijana wanaowarekodi bibi na babu zao wakisimulia kwa Kihehe, Kibena au Kinyakyusa, kisha wakabaki na nakala iliyominywa iliyopita kwenye simu nyingi.

Ninapofika nyumbani ninanakili WAV kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski mbili tofauti kabla ya kugusa chochote, na uhariri wote ninaufanya kwenye nakala ya tatu. Kadi siifuti mpaka nimezisikiliza nakala zote mbili hadi mwisho. MP3 ya kutuma kwenye kundi la kwaya ninaitengeneza siku hiyohiyo, kwa sababu watu wana hamu ya kujisikia, na WAV ninamkabidhi katibu wa kwaya kwenye flashi, nikiwa nimeandika kwenye jina la faili tarehe, mahali, idadi ya sampuli na idadi ya biti.