Nimlipe nani afute data zangu kwenye mtandao wa giza?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Nina duka la pembejeo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Juzi nimepokea barua pepe yenye nywila niliyokuwa naitumia zamani. Aliyeituma anadai ameingia kwenye kompyuta yangu, kwamba data za wateja wangu ziko mtandao wa giza, na nimlipe kwa Bitcoin ndani ya saa 48. Kijana mmoja hapa mjini anasema nikimpa laki tatu atazifuta huko. Nimpe?

JIBU: Shikamoo mama. Usimpe. Na huyo wa Bitcoin usimjibu hata neno, ila barua yake itunze, utaihitaji ukienda polisi.

Mtandao wa giza si ghala moja lenye mlinzi wa kubembelezwa. Ni tovuti nyingi zilizofichwa, zinazofunguliwa kwa vivinjari kama Tor, na orodha ya nywila ikishafika humo kila anayeinunua anabaki na nakala yake. Maji yakimwagika hayazoleki, hata kwa laki tatu.

Mwenye barua naye anakutisha tu. Nywila za zamani huzurura miaka. LinkedIn iliibiwa mwaka 2012, lakini orodha ya akaunti zaidi ya milioni 100 ikaja kuchuuzwa mwaka 2016. Mtu ananunua orodha ya namna hiyo, anawatumia maelfu ya watu barua ileile, kisha anasubiri atakayeogopa. Angekuwa na daftari lako la madeni angekuonyesha ukurasa mmoja. Nenda haveibeenpwned.com, tovuti ya bure aliyoianzisha Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, uandike barua pepe yako. Itakutajia wizi uliokukumba, na kwa kuitafuta barua pepe huombwi nywila.

Ninachokihofia mimi ni kingine: nywila hiyo ya zamani, je, bado inafungua kitu? Mwaka 2021 kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline, Marekani, iliingiliwa kupitia akaunti moja iliyosahaulika. Nywila yake ilikutwa miongoni mwa zilizovuja, na akaunti haikuwa na hakiki ya hatua mbili, yaani uthibitisho wa pili unaoulizwa baada ya nywila. Kampuni ikazima bomba, ikawalipa wezi Bitcoin 75.

Halafu kuna kompyuta ya dukani. Keti mbele yake, fungua Chrome, bonyeza vile vidoto vitatu juu kulia, uingie sehemu ya nywila zilizohifadhiwa. Unachokiona hapo, programu ya wizi nayo inakiona, na mara nyingi huingia imejificha ndani ya programu iliyokrakiwa, yaani ya kulipia iliyovunjwa kufuli itumike bure. Haichukui nywila peke yake. Inabeba na kuki, yaani kumbukumbu ndogo za kivinjari zinazoiambia tovuti kwamba umeshaingia, na kwa kuki mwizi anaingia kwenye akaunti yako bila kuulizwa nywila. Niliwahi kufungua ukurasa huo mbele ya mwenye nyumba moja ya wageni Iringa. Benki, kodi, barua pepe, vyote vilikuwa hapo. Na ndani ya barua pepe kulikuwa na nakala za pasipoti za watalii wa Ruaha, za miaka mitatu nyuma. Mzee wa watu alinyamaza kimya. Windows yake ililetwa na fundi kwenye flashi.

Kwa hiyo usibadilishe nywila kwenye kompyuta hiyo, utakuwa unamkabidhi mwizi nywila mpya. Tumia simu yako. Anza na barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine zote hurejeshwa kupitia hapo: weka nywila mpya usiyoitumia popote, ondoa kwenye akaunti vifaa vyote vilivyoingia, washa hakiki ya hatua mbili kwa programu ya kwenye simu inayotoa misimbo. Msimbo wa SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, ila laini huweza kuhamishwa kwa hila. Fuata benki na mengine. Kisha kompyuta ifutwe yote, iwekwe Windows halali.

Punguza na mzigo. Picha za vitambulisho vya NIDA vya wakulima waliokopa mbolea, deni likiisha unazihifadhi za nini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakuhusu hata wewe wa duka moja: anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na zikivuja aiarifu bila kuchelewa.

Laki tatu zako zitatosha kumlipa fundi wa kuisafisha hiyo kompyuta, na pengine chenji ikabaki. Ila kabla hujamwita mtu, niandikie tena unijibu moja, mama: programu ya stoo unayotumia dukani alikuwekea nani? Isije ikawa ni huyohuyo kijana.